Pembe ya Kibla

Chokaa hulazwa.
Hilo alinambia Shaame mwaka wa kwanza wa ndoa yetu,
viganja vyake vimebabuka:
matumbawe huchomwa kwa kuni za mkandaa siku tatu,
yakaatuka, yakanyeshewa, yakafukiwa shimoni,
na hapo mtu huenda zake, akalime, akazae,
arudi mwaka wa pili aikute chokaa laini kama samli.

Mwinyi Kae hakuwa na mwaka.
Baba yao hakuwa ametimiza arubaini kaburini
na Mwinyi Shungwi, mtoto wa mke mdogo,
alikwisha jitwalia siwa na ngoma kuu kule Micheweni.
"Nipandishie ngome hapa Tumbe kabla ya vuli,"
akasema, akaahidi majora manne ya bafta.
Yakaja mawili, moja limeliwa na nondo.

Basi Shaame akaijenga pembe ya kibla
kwa chokaa ya juzi na mchanga wa pwani,
mchanga mwingi, wenye chumvi,
akaipiga lipu ikang'aa kuliko pembe zote.
Usiku akanicheka sikioni:
"Ile pembe, mke wangu, ni mkate wa mofa uliolala."

Vita vilipokuja
Shaame alikuwa Micheweni anadai mahari ya dada yake,
mimi nilikuwa ngomeni napepeta mpunga wa watu.
Lango likafungwa.
Yeye akapewa mkuki huko, mimi nikapewa kata huku,
niwapimie watu maji ya kisima:
kata tatu, kisha mbili,
kisha moja, na mtoto alambe ukingo.

Siku ya tisa nikamwona kwa kitundu cha mishale.
Amechuchumaa chini ya mzambarau, anautazama ukuta
kama anavyotazama kazi ya fundi mwingine.
Macho yakapita lango, yakapita suheli, matlai,
yakafika kibla, yakaondoka upesi
kama ya mtu aliyemwona mkwewe anaoga.

Kila asubuhi mzinga wao mmoja, wa kuazima kwa Mreno
(na Mreno huyo huyo ndiye aliyetuuzia baruti),
ulipiga lango. Lango la mbambakofi. Halikujali.
Hakuna aliyebisha hodi pale
ambapo mbuzi angejikuna akaingia.

Tulikula pweza mkavu, kisha kunde za mbegu,
kisha ngozi ya ngoma, ikichemshwa tangu alfajiri.
Bi Mwanashee alimzika mjukuu wake chini ya ngazi,
sanda yake pazia.
Usiku walinzi wetu na walinzi wao waliitana gizani,
maana waliingia jando moja:
"We Faki! Mamangu hajambo?"
"Hajambo. Kesho usisimame hapo, nitakupiga."

Nami usiku naegemea pembe ya kibla.
Natia ukucha. Mchanga unanimwagikia kiganjani,
mwepesi, kama unaocheka.
Nikimwambia Mwinyi Kae aitie boriti,
atauliza nani kaijenga, na mkewe ndiye aliye mkononi.
Shaame akimwambia Mwinyi Shungwi apige hapa,
mikuki itaingia mbele, yeye nyuma.

Siku ya arubaini na moja shangazi yao akavuka kutoka Kojani,
akaketi mavumbini katikati ya majeshi mawili
akatishia kuvua ukaya.
Ndugu wakala sinia moja.
Nyama ilikuwa ya ng'ombe wetu.

Tumezaa watano tangu hapo. Hatukuitaja.
Ila vuli moja, mvua inachapa makuti,
akaniuliza bila kugeuka:
"Ilisimama?"
"Ilisimama."
Akavuta shuka.

Napenda kuamini alininyamazia mimi.
Lakini namjua Shaame. Ni fundi.
Atakufa kabla hajakiri mbele ya watu
kwamba alipaka mchanga akauita chokaa.

Juzi nimepita Tumbe.
Mbuzi wa mtu anajikuna pale pale, ubavu wa kulia,
polepole, macho kayafumba.
Nikatua mzigo. Nikasimama kumtazama.